Aya Aliyoijua Mama

Wiki mbili baada ya kumzika mama, nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Mnarani, nikimsubiri mwenzangu wa kazini anipitie na gari lake twende Bofa, harufu ya korosho zinazochomwa ikanifikia. Korosho zilizokwisha kuiva, zile zinazouzwa kwenye vifuko, kila mtu anazipenda. Hii ilikuwa harufu ya mwanzo kabisa, ganda linaposhika moto na mafuta yake yakalipuka, moshi mzito unaokwaruza koo. Nilianza kwa kukohoa, kisha nikajikuta nalia. Mwenzangu alipofika alinishika bega, akasema msiba bado ni mbichi, nilie tu. Nilimwitikia. Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nalilia kitu nilichokifanya nikiwa na miaka kumi na moja, ndani ya kanisa moja la Malindi, mbele ya watu.

Nimekulia Dabaso. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, nasi watoto tukawa tunamjua zaidi kwa chumvi iliyokauka kwenye viatu vyake kuliko kwa sauti yake. Aliyetulea ni mama. Majirani walimwita Mesidi, yaani mama yake Sidi, kwa kuwa Sidi ndiye mimi, kifungua mimba wake. Alikuwa akibangua korosho. Alizichoma nyuma ya nyumba kwenye bati lililotobolewa matundu, akazifunika kwa mchanga moto ulipozidi, kisha akakaa chini na jiwe lake akizipasua moja moja. Mafuta ya ganda la korosho hayana huruma. Huchoma ngozi ikababuka, ikaota nyingine, nayo ikababuka. Mama alijipaka majivu viganjani kila mara kabla ya kuanza, lakini hayakusaidia sana. Vidole vyake vilikuwa na mabaka meusi yasiyotoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na ngozi ya ncha za vidole ilikuwa laini kama karatasi iliyolowa, haina hata ile mistari ambayo kila mtu anayo.

Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Lakini kitu akikisikia mara tatu, kilikuwa chake. Ndiyo maana Mwalimu Karisa, aliyetufundisha shule ya Jumapili katika kanisa letu dogo la mabati, alipotangaza mashindano ya Biblia, mimi niliyekuwa mwanafunzi wake bora nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Mada ya mwaka ule ilikuwa unyenyekevu na kumtumaini Mungu. Tulipewa karatasi yenye orodha ndefu ya hadithi na aya za kukariri: Naamani na mto Yordani, mjane wa Sarepta na unga wake, Mfarisayo na mtoza ushuru hekaluni, Hana aliyedhaniwa kuwa amelewa kumbe anaomba, na aya nyingi kutoka Zaburi, Mithali na nyaraka.

Kila alasiri nikitoka shule nilikaa karibu na jiwe la mama nikamsomea. Nilisoma mara moja, nikarudia, nikarudia tena. Mara ya nne yeye ndiye aliyekuwa akinisomea mimi, mikono ikipasua korosho, macho yasiinuke. Kisha mchezo ukageuka. Mama alitaja aya, mimi nikataja kitabu, sura na mstari.

"Hiyo iko wapi?" aliuliza.

"Zaburi ya thelathini na saba, mstari wa tano."

"Na hii?"

Nikikosa, alinirushia ganda tupu la korosho, tukacheka. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya waraka wa kwanza wa Petro, inayowaambia watu wajishushe chini ya mkono wa Mungu naye atawainua wakati wake ukifika, na wamtwike yeye mahangaiko yao. Nilipoisoma mara ya kwanza aliliacha jiwe.

"Wamtwike?" alisema. "Kama mtungi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Kumbe Mulungu naye hutwikwa!" Akacheka peke yake, akatikisa kichwa. "Basi mimi nitamtwika siku nzima. Asije akasema shingo inamuuma."

Aya ile alikuwa akiitamka hata akiwa anachota maji, hata akiwa anafagia uwanja. Na kila penye neno Mungu, yeye alisema Mulungu, kama tunavyomwita kwa Kigiriama. Hapo ndipo palipoanza taabu yangu. Mwalimu Karisa alikuwa ametuonya kwamba aya zitajibiwa neno kwa neno kama zilivyo kitabuni. Nilimwambia mama aseme Mungu. Alisema Mungu mara mbili, mara ya tatu akarudi kwenye Mulungu wake. Nami kwa akili yangu ya utoto nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba hao ni wawili. Mulungu alikuwa wa shambani, wa mvua na mihogo, aliyeelewa lugha ya nyumbani na hakujali mtu anasemaje. Mungu alikaa Malindi, katika makanisa ya sakafu ya vigae, akasikiliza Kiswahili kilichonyooka, na akaandika maksi. Huyo wa pili ndiye niliyetaka anione.

Unyenyekevu nao nilikuwa nimeuelewa kwa namna yangu. Niliuona kuwa ni jinsi ya kusimama. Kichwa kinainama kidogo, mikono inakunjwa mbele, sauti inashuka. Nilijifunza mbele ya kioo cha mama kilichopasuka pembeni, na Mwalimu Karisa alinisifu mbele ya wenzangu, akawaambia wanitazame mimi wajue mtoto mnyenyekevu anavyokuwa. Sifa ile ilinilevya.

Katika mashindano ya kwanza pale Gede niliwashinda wote. Wa kwetu waliobaki walitolewa, nikabaki peke yangu kwenda fainali. Mwalimu Karisa akanieleza kwamba huko Malindi raundi ya mwisho ina utaratibu mwingine. Mtoto atasimama na mzazi wake. Mwamuzi atataja mwanzo wa aya, mzazi ataimalizia, mtoto atasema inapatikana wapi. Viongozi walitaka kujua kama Biblia inasomwa nyumbani au kanisani tu.

"Mwambie mama ajiandae," alisema. "Najua mnasoma pamoja."

Njia nzima kurudi nyumbani niliwaza. Nilimwona mama amesimama kwenye jukwaa na leso yake iliyopauka. Nilimwona akishika kipaza sauti kwa vidole vile. Nilimsikia akisema Mulungu, na ukumbi mzima ukicheka. Nilipofika nyumbani nilimkuta anapepeta maganda. Akauliza, "Ehe, wamesemaje?"

"Fainali ni Malindi," nikasema. "Ni watoto tu. Wazazi hawatakiwi."

Aliacha kupepeta. "Hata kukaa nje dirishani?"

"Hata nje."

"Haya. Nitakuombea nikiwa huku."

Jumapili iliyofuata nikamwambia Mwalimu Karisa kwamba mama anaumwa, na kwamba atakayesimama nami ni shangazi yangu Eliza, dada yake baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Malindi. Shangazi nilimpelekea barua kupitia kwa baba, nikamwandikia uongo uleule. Shangazi alikuwa mtu mwema. Alikubali mara moja, akanipa pole ya ugonjwa wa mama, akaniambia nije Ijumaa nilale kwake. Uongo wote huo niliupanga kwa utulivu ambao mpaka leo unanitisha nikiukumbuka. Ijumaa ile mama alinipigia gauni pasi ya makaa, akaifunga mikono yake kwa kitambaa ili isiliguse na kuliacha na alama.

Jumamosi kanisa lilikuwa limejaa. Kutoka kwetu hakuja mtu, kwa sababu kulikuwa na maziko kijijini na Mwalimu Karisa alibaki kusaidia. Hilo kwangu lilikuwa bahati. Hapakuwa na wa kunijua. Shangazi alivaa gauni la kijani lenye mkanda, akanukia marashi, na alipomsalimu mwamuzi kwa sauti yake ya ualimu nilijiona nimekuwa mtu mwingine.

Raundi za mwanzo zilipita kama maji. Waliuliza Naamani alikasirishwa na nini, nikajibu kwamba alitarajia jambo kubwa akaambiwa akaoge mtoni. Waliuliza ni nani kati ya wale wawili hekaluni aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki, na kwa nini. Nilijibu nimeinamisha kichwa, mikono mbele. Watu walipiga makofi. Tukabaki wawili, mimi na mvulana mmoja wa Kilifi aliyekuja na babake, tukaambiwa tukae kwenye benchi la mbele tusubiri raundi ya mwisho.

Tulipokuwa tumekaa, shangazi akatoka mara moja kwenda kunywa maji. Mama mmoja wa wale waliokuwa wakipokea wageni mlangoni akanijia, akainama sikioni kwangu.

"Mwanangu, kuna mama pale nyuma anasema wewe ni mtoto wake. Nimlete akae huku na wazazi?"

Niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, jasho limemlowesha shingo, amevaa leso mpya ambayo hutolewa siku za harusi. Mikono alikuwa ameificha ndani ya leso. Aliponiona nimegeuka, akatabasamu.

Nikasema, "Ni jirani yetu. Mwache akae huko nyuma."

Nilisema kwa sauti ya chini, ile ya unyenyekevu. Yule mama akarudi mlangoni. Sikusikia alichomwambia, lakini niliona anamwonyesha mahali kwenye benchi la mwisho, na niliona uso wa mama unavyotulia, kama mtu aliyepokea kitu mkononi na bado hajajua uzito wake. Akakaa.

Shangazi akarudi, tukaitwa jukwaani. Aya ya kwanza shangazi aliimalizia vizuri, nikataja mahali. Baba yake yule mvulana naye hakukosa. Ya pili vilevile. Ya tatu, mwamuzi akasoma mwanzo wa ile aya ya Petro. Nilifurahi moyoni, kisha nikamtazama shangazi. Macho yake yalikuwa juu, kwenye feni. Alianza, akarudi, akaanza tena. Mtu mmoja alikuwa akihesabu sekunde kwa sauti. Kati ya sekunde na sekunde nilisikia mapanga ya feni yakikata hewa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Haikuwa kubwa, wala haikuwa na woga. Ilikuwa sauti ileile ya uwanjani kwetu, inayoshuka na kupanda kwa mapigo ya jiwe. Mama aliimalizia aya yote, mkono wa Mulungu, wakati wake, kumtwika mahangaiko, mpaka neno la mwisho. Sidhani alikusudia kusema kwa sauti. Nadhani ilimtoka tu, kama unavyomshika mtoto anayeanguka bila kufikiri.

Aliposema Mulungu, vijana wa kwaya walicheka. Wengine wakafuata, kicheko kikapita benchi hadi benchi. Mwamuzi akainua mkono.

"Mama, asante," alisema kwa upole. "Lakini raundi hii ni ya wazazi peke yao. Wewe ni mzazi wa nani?"

Shangazi alikuwa amegeuka. Nilimsikia anavuta pumzi. "Wifi?" alisema, chini kwa chini.

Mama alikuwa amesimama. Alinitazama, akanitazama kwa muda ambao ulitosha kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, neno la kwanza ambalo mtoto yeyote hujifunza. Niliinamisha kichwa, nikakunja mikono mbele.

"Nisamehe, mwalimu," mama akamwambia mwamuzi. "Mimi ni jirani tu."

Akamwonyesha shangazi kiganja, kidogo tu, cha kumwambia anyamaze, na akakaa. Mkono wa shangazi ulikuwa umeshika wangu, na ulikuwa umekaza mpaka ukaniumiza.

Kwa kuwa jibu lilikuwa limesikika, swali lilifutwa, tukapewa jingine. Hilo shangazi alilijua. Yule baba wa Kilifi alikosea lililofuata kwa neno moja. Tukashinda. Nilipewa Biblia yenye jalada la zipu, na mchungaji mmoja akanishika kichwa akaomba wazazi wote wajaliwe watoto wanyenyekevu kama mimi. Nilipofumbua macho baada ya ile amina, benchi la mwisho lilikuwa na watu wengine.

Nje, shangazi hakunikumbatia. "Uliniambia anaumwa," alisema.

Niliikumbatia Biblia yangu.

"Nami nimesimama pale kama mjinga, nikakaa kimya." Akafuta macho kwa kitambaa. "Nenda kamtafute mama yako."

Tulimtafuta sokoni, tukamtafuta stendi. Alikuwa amekwisha kuondoka.

Kesho yake shangazi alinirudisha Dabaso. Tulimkuta mama mahali pake, jiwe mkononi. Alinyanyuka, akamkaribisha wifi yake, akampa maji, akauliza habari za watoto. Shangazi alijaribu kulianza jambo lile. "Wifi, mimi kwa kweli sikujua."

"Mtoto ameshinda," mama akasema. "Tushukuru." Akaipokea ile Biblia, akaifungua zipu, akaifunga, akaniambia niiweke juu ya kabati isishike moshi. Hakunipiga. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, na ilipokosekana, kwa ujinga wangu nilidhani nimesamehewa na mambo yamekwisha. Baadaye sana Mwalimu Karisa aliniambia kwamba siku ile ya fainali alikutana na mama kule mazikoni, akashangaa kumwona mzima, akampa pole ya ugonjwa. Ndivyo mama alivyojua yote. Alikwenda nyumbani, akavaa ile leso mpya, akaja. Alikuja akijua nimemdanganya, na bado alikuja.

Wiki iliyofuata nilikaa karibu na jiwe na Biblia yangu mpya, nikasoma aya, nikasubiri arudie. Hakurudia.

"Mama, sema basi."

"Soma wewe. Mimi nina kazi."

Nilijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Alisikiliza, lakini midomo haikusogea. Akiwa kisimani hakutamka kitu, akifagia hakutamka kitu. Nilijua ni hasira, na niliona ni haki yake, nikaogopa kuigusa. Ikawa hivyo mwaka, ikawa miaka. Nilikwenda sekondari, nikapata kazi ya ofisini katika hoteli moja huku Bofa, nikaolewa, nikazaa. Nilimjengea mama nyumba ya matofali, akaacha korosho. Kila nilipomtembelea nilikwenda na neno la kuomba radhi limejaa mdomoni, na kila mara nilirudi nalo. Nilimletea sukari, nikamletea dawa za presha. Neno lenyewe sikulitoa.

Mwezi wake wa mwisho nilichukua likizo nikakae naye. Asubuhi moja nilikuwa namkata kucha, mkono wake uko mapajani mwangu, ule mkono niliouonea haya, nikashindwa kuendelea.

"Mama," nikasema, "siku ile Malindi nilisema wewe ni jirani. Nisamehe."

Alinitazama kana kwamba nimemweleza habari ya jana. "Hilo nilikusamehe palepale. Ulikuwa mtoto, uliona haya." Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, "Lakini nataka nikuulize kitu. Ile aya, niliisema sawa?"

"Unasemaje, mama?"

"Ile niliyoisema pale kanisani. Walicheka. Yule mwalimu naye akaniambia asante, akaendelea na mengine. Hakuna aliyeniambia kama ni sawa au nimekosea. Nikajua nimekosea. Nikaona aibu kuwa nimekuwa nikilisema neno la Mulungu vibaya miaka yote, nikaacha."

Miaka yote niliyodhani amenikasirikia, alikuwa akingoja mtu amwambie. Nami nilikuwa nikiketi mbele yake kila mara, nikijua.

"Ulisema sawa, mama," nikamwambia. "Yote. Hukukosea hata neno. Walicheka kwa kuwa ulisema Mulungu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alifurahi. Nasema kweli, uso wake ulikunjuka kama wa msichana. Akajivuta juu ya mto, akafumba macho, akaanza kuitamka ile aya polepole. Alifika kwenye mkono, akafika kwenye kuinuliwa, akasita. Alirudi mwanzo. Akafika palepale. Midomo ilitafuta, vidole vikawa vinagonga shuka, lakini kilichofuata hakikuja. Akafumbua macho.

"Iliyobaki imepotea," alisema, bila lawama yoyote. "Ningejua ilikuwa sawa, ningeitunza."